Kuchagua Holsta ya Bastola: Triga Kwanza, Kuficha Baadaye

Kazi yangu ni kushona ngozi hapa Dodoma mjini: mikanda, mikoba, ala za sime na za visu vya wafugaji. Kwa miaka kadhaa sasa wanakuja pia watu wenye bastola za leseni. Mnunuzi wa mahindi anayeshinda Kibaigwa na fedha taslimu, mfanyabiashara wa ng'ombe wa mnada wa Msalato, mama mwenye duka la jumla anayefunga saa tatu usiku. Karibu wote huanza na ombi moja: "Fundi, nitengenezee kitu chembamba, isionekane." Hajatokea hata mmoja aliyeanza kwa kuniuliza habari za triga.

Ndiyo maana naandika. Kuficha ni kazi ya shati. Kazi ya holsta ni kuhakikisha hakuna kitu kinachogusa triga mpaka mkono wako mwenyewe uamue. Nikisema holsta namaanisha ule mfuko au ala ya kuvalia bastola, iwe ya ngozi, ya plastiki au ya kitambaa. Nikisema triga namaanisha kifyatulio, na ile duara ya chuma inayokizunguka nitaiita pete ya triga.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Leseni iliyo hai. Silaha za kiraia hapa kwetu zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Soma masharti ya leseni yako, na kama una swali kuhusu kubeba, liulize polisi kule kule ulikopatia kibali. Usimuulize fundi, wala usimuulize rafiki mwenye bastola kama yako.
- Bastola yako mwenyewe, tupu.
- Mkanda unaokusudia kuvaa. Kama huna mkanda mgumu, tenga fedha ya mkanda na ya holsta kwa pamoja.
- Nguo zako za kila siku: suruali ya kazini, shati unalochomoa nje, Kaunda suti, dera, chochote unachovaa kweli siku za kazi.
- Penseli yenye kifutio upande mmoja.
- Godoro, au blanketi nene lililokunjwa.
- Kioo kirefu na mtu mzima mmoja wa nyumbani wa kukutazama.

Jambo moja kuhusu kuja kwa fundi: usiniachie bastola dukani, hata kwa saa moja. Leseni ni yako, si yangu. Ukikaa nayo mbele yangu ikiwa tupu nikachukua vipimo, inatosha. Fundi anayekwambia "iache hapa, upite kesho" mkimbie.

Hatua ya 1: Toa risasi, na urudie kila unapoishika

Chomoa magazini kwanza, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nyuma mara tatu, ifunge ikiwa nyuma, tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho, halafu ipapase kwa kidole kidogo. Mpangilio huo una sababu. Ukivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, risasi ya chemba itatoka lakini slaidi ikirudi itapandisha nyingine, nawe utakuwa umeshika bastola yenye risasi huku moyo wako umetulia. Yule anayesema baada ya ajali "nilijua haina kitu" mara nyingi alianza kwa kuvuta slaidi.

Mwenye revolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, afungue silinda, atoe risasi zote, ahesabu matundu moja moja.

Risasi zipelekwe chumba kingine. Majaribio yote yanayofuata yanafanywa na bastola tupu, mtutu ukielekea mahali ambapo hata kosa likitokea halitamuumiza mtu. Ukuta wa bati au wa mbao haukingi risasi. Watoto watoke nje.

Hatua ya 2: Ijue bastola yako kwa jina kamili

"Nina Glock" haitoshi. Glock 17 na Glock 19 zinafanana kama ndugu, lakini mtutu wa 17 una milimita 114 na wa 19 una milimita 102. Andika kampuni, namba ya modeli, na kama umeifungia tochi chini ya mtutu. Tochi inabadilisha kila kitu, kwa sababu holsta lazima ipanuke ili tochi ipite, na upana huo unaweza kuacha uwazi pembeni ya triga. Kwa mtu anayeanza, nashauri bastola isiyo na tochi.

Holsta zinazouzwa kwa maneno "inaingia bastola zote" ni mifuko tu ya nailoni. Kinachoingiza zote hakishiki hata moja.

Hatua ya 3: Amua itakaa wapi mwilini

Kwa mtu wa kawaida, mwenye kazi ya kawaida, mahali pazuri pa kuanzia ni kiunoni upande wa mkono unaoutumia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Holsta inaweza kuwa nje ya suruali, imepitishwa kwenye mkanda, au ndani ya suruali kwa klipu. Ya nje ni rahisi kuvaa na kurudishia bastola, ila inahitaji koti au shati refu. Ya ndani inafichika vizuri, ila suruali iwe pana kwa inchi moja au mbili kuliko uliyozoea.

Sasa niseme mahali ninapopakataa.

Mgongoni katikati, juu ya uti wa mgongo. Wengi wanapapenda kwa sababu shati halichomozi. Lakini hapa tunapanda bodaboda, na anayeanguka chali na kilo moja ya chuma juu ya uti wa mgongo anaweza asiinuke. Isitoshe huoni unachofanya unapoirudisha, na mtu yeyote aliye nyuma yako kwenye foleni ya daladala yupo karibu nayo kuliko wewe.

Mfukoni bila holsta. Funguo, sarafu, kalamu, kila kimoja kinaweza kuingia kwenye pete ya triga. Kuna holsta za mfukoni, nazo zinafaa kwa bastola ndogo, kwa sharti kwamba mfuko huo hauna kitu kingine chochote, hata karatasi ya hesabu.

Chini ya kwapa. Holsta ya bega mara nyingi hulaza bastola na mtutu ukawaelekea watu waliokaa nyuma yako. Ndani ya basi la Singida, fikiria nyuma yako kakaa nani.

Mbele ya tumbo, karibu na kitovu. Hapa sikatai, ila si pa mtu anayeanza. Mtutu unaelekea paja, na pajani pana mshipa mkubwa wa damu. Anayeibeba hapo awe ameshazoea kuirudisha polepole kama anayetia uzi kwenye sindano.

Kwa kina mama: mkoba wa kawaida hapana. Mkoba unawekwa chini, unaachwa kwenye kiti, mtoto anatafuta pipi ndani yake, mwizi wa pikipiki anaupokonya. Kama nguo hazikuruhusu kuvaa mkanda, tafuta mkoba wenye chumba chake cha pekee, kinachofungwa, chenye holsta ngumu iliyoshonewa ndani, na mkoba huo usitoke mwilini mwako. Ipo pia mikanda ya kitambaa ya kuzungushia tumbo chini ya dera au gauni. Inafichika sana, ila kitambaa peke yake hakilindi triga, kwa hiyo nunua ile yenye ganda gumu ndani.

Hatua ya 4: Chagua holsta ya malighafi gani

Ngozi. Iwe ya ng'ombe, unene wa milimita 3 hadi 4, iliyosindikwa kwa maji ya magome ya miti. Hiyo ndiyo inayolowekwa, ikabanwa kwenye umbo la bastola, ikakauka na kubaki na umbo hilo. Ngozi laini ya mikoba na viatu vya kike mara nyingi imesindikwa kwa dawa ya kromiamu. Haishiki umbo, na chumvi zake zikikutana na jasho huleta kutu kwenye chuma. Ngozi ya mbuzi ni nzuri kwa mambo mengi, lakini kwa holsta ni nyembamba mno. Nalijua hilo kwa kosa langu. Mwanzoni kabisa nilimshonea mteja mfuko mwororo wa ngozi ya mbuzi, akaupenda kwa sababu ulikuwa mwembamba. Baada ya miezi akaja nao umelegea, ukingo wake umejikunja kwa ndani, na mkunjo ule umekaa sawasawa kwenye pete ya triga. Tulitazamana. Nilimrudishia fedha yake yote na mfuko nikaukatakata mbele yake.

Plastiki ngumu, kama ile inayoitwa Kydex, inafinyangwa kwa joto kufuata umbo la bastola. Hailiwi na jasho, haifyonzi maji, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane linaondoka kwa kitambaa chenye maji. Ubaya wake ni joto: usiiache juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani, inaweza kupinda. Na ikipata ufa, imekwisha. Haiungwi kwa gundi.

Kwa joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa kwetu, na mtu anayetoka jasho sana, ningechagua plastiki yenye kipande cha ngozi au kitambaa upande unaogusa ngozi ya mwili. Naandika hivi nikiwa fundi wa ngozi.

Nailoni laini, turubai, sponji: acha dukani.

Hatua ya 5: Jaribio la triga

Hapa usiwe na haraka. Bastola nyingi za siku hizi hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Triga ya Glock ya kawaida hubonyea kwa nguvu ya kama kilo mbili na nusu, kwa mwendo wa milimita 12 na nusu. Basi! Haijui kama kilichoisukuma ni kidole, kamba ya jaketi au ukingo wa ngozi uliokunjamana.

Ingiza bastola tupu kwenye holsta mpaka mwisho, kisha fanya mambo manne.

Kwanza, itazame pande zote, pamoja na juu na chini. Ukiona hata sehemu ndogo ya triga, ikatae. Pete yote ya triga iwe imefunikwa pande zote mbili.

Pili, ikandamize kwa kidole gumba kutoka nje, pale pale triga ilipo, kwa nguvu zako zote. Ganda lisibonyee. Kama unaihisi triga kupitia kwenye kitambaa au ngozi, na meza, kona ya kiti au mkono wa gari vitaifikia.

Tatu, chukua penseli, upande wa kifutio, ujaribu kuifikia triga kwa kupitia kila uwazi unaouona: juu ya mdomo wa holsta, pembeni, kwenye tundu la skrubu. Penseli ikipita, kidole cha mtoto kinapita.

Nne, angalia mikanda na vishikizo. Zipo holsta zenye kamba ya kubana juu ya bastola, yenye kifungo cha kubonyeza. Ni nzuri kwa mshiko, lakini ikifunguliwa inaweza kuangukia ndani, na bastola ikirudishwa inaisukuma kamba ikaingia kwenye pete ya triga. Kamba iwe ngumu kiasi cha kusimama yenyewe upande wa nje.

Aina moja niitaje kwa tahadhari: holsta yenye kitufe cha kuachia kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada. Unabonyeza, bastola inatoka, na kidole kile kile kilichokuwa kinasukuma kwa nguvu kinajikuta juu ya triga. Vyuo kadhaa vya mafunzo ya silaha Marekani vilizipiga marufuku kwa sababu ya watu kujipiga risasi mguuni. Zile za kuachia kwa kidole gumba hazina shida hiyo.

Hatua ya 6: Jaribio la mshiko

Tandaza blanketi au simama juu ya godoro. Shika holsta ikiwa na bastola tupu, igeuze juu chini, itikise kama unavyotikisa chupa ya dawa ya maji. Bastola isitoke. Kisha ivae, ruka mara kumi, chuchumaa, inama ufunge kamba za viatu, kimbia hatua chache uani. Isitoke wala isipande.

Kisha jaribu kinyume chake: itoe kwa mkono mmoja. Ikikulazimu kuvuta mpaka mkanda unapanda kifuani, imebana mno. Holsta ya plastiki huwa na skrubu ya kurekebishia. Ya ngozi mpya hulegea kidogo kwa matumizi.

Hatua ya 7: Mdomo ubaki wazi

Toa bastola, tazama mdomo wa holsta ukiwa umeivaa na mkanda umekaza. Ukifumba, holsta hiyo haifai. Mdomo unaofumba unakulazimisha uufungue kwa mkono wa pili, na mkono huo unapita mbele ya mtutu. Au unausukuma kwa mtutu mpaka ngozi ijikunje ndani. Holsta nzuri ya ngozi ya kuvaa ndani ya suruali ina ukanda wa pili wa ngozi ngumu, au bati jembamba, limeshonewa mdomoni. Ukikuta fundi hajaweka, mwambie aweke.

Hatua ya 8: Mkanda

Nimeona watu wamenunua holsta ya maana kisha wakaifunga kwenye mkanda wa mtumba uliolegea kama utambi. Bastola inaning'inia, shati linachomoza, mtu anashika kiuno kila dakika, na kila anayemtazama anajua amebeba nini. Mkanda uwe wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana wa milimita 38 hivi, na ulingane na matundu ya holsta. Upana wa mkanda ukiwa mdogo kuliko tundu, holsta itacheza mbele na nyuma. Ushike mkanda ubavu kwa ubavu na uupinde: usikunjike kirahisi.

Klipu ya holsta ishike mkanda, si kitambaa cha suruali peke yake. Jaribu kuing'oa ukiwa umeivaa. Kuna watu walichomoa bastola, na holsta yake ikatoka pamoja nayo.

Hatua ya 9: Wiki mbili nyumbani, bastola ikiwa tupu

Usitoke nayo siku ya kwanza. Ivae ndani kwa saa mbili, kisha nne, kisha siku nzima. Kaa kwenye sofa, kula chakula, panda gari na ufunge mkanda wa usalama, sali kama wewe ni mtu wa kusujudu au kupiga magoti, beba mtoto. Mtu wako wa nyumbani akutazame unapoinua mikono kuchukua kitu juu ya kabati. Shati la kitenge lenye maua huficha kuliko shati jeupe la kitambaa chepesi. Kaunda suti huficha kuliko vyote.

Ikikuchoma, ikikuchubua, utaanza kuiacha ndani ya gari au chini ya kiti cha duka, na bastola iliyoachwa ni hatari kuliko iliyobebwa vibaya. Sogeza, badilisha pembe, vaa fulana ndani. Ikishindikana baada ya wiki mbili, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 10: Kuirudisha bastola kwenye holsta

Kuitoa kila mtu anataka kuifanyia mazoezi. Kuirudisha ndiko kunakojeruhi. Fanya hivi, kila mara, hata ukiwa peke yako:

1. Simama. Nyoosha kidole cha shahada ubavuni mwa bastola, juu ya pete ya triga.
2. Kwa mkono wa pili inua shati au jaketi juu kabisa, libane kifuani.
3. Tazama ndani ya mdomo wa holsta kwa macho yako. Kuna nini? Shati, kamba, karatasi?
4. Ingiza taratibu. Ukihisi kizuizi chochote, usisukume. Itoe, tazama tena.

Hakuna zawadi ya kuirudisha haraka. Na jaketi za mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi ukianza, zina zile kamba za kukazia kiunoni zenye kigololi cha plastiki. Zikate kamba hizo kabisa.

Njia iliyo salama zaidi kuliko zote ni kuingiza bastola kwenye holsta kwanza, mkononi, mtutu ukielekea mahali salama, halafu ndipo uvae holsta nzima. Kwa holsta za klipu hilo linawezekana kila asubuhi. Na jioni ivue hivyo hivyo, bastola ikiwa bado ndani ya holsta, iende moja kwa moja kwenye sefu au sanduku la chuma lenye kufuli. Kadiri unavyoichomoachomoa ndivyo unavyojiongezea nafasi za kukosea.

Chooni

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na ndilo lenye visa vingi. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Ukifungua mkanda, uzito wa bastola unavuta suruali, holsta inainama, na chini yako kuna shimo. Usiitoe ukaiweka juu ya ndoo, dirishani au kwenye msumari wa mlango. Watu husahau, na anayefuata kuingia anaweza kuwa mwanafunzi. Iache ndani ya holsta. Kabla ya kuchuchumaa funga tena buckle ya mkanda juu ya magoti, suruali ikiwa imeshuka, ili mkanda ubaki umekaza, na mkono mmoja ushike kitako cha bastola pamoja na holsta. Kama una holsta ya klipu, ivue nzima pamoja na bastola uishike mkononi au uiweke ndani ya suruali iliyoshuka, mbele ya macho yako.

Na ikianguka, hapo au popote, iache ianguke. Usiidake! Bastola nyingi za kisasa zimetengenezwa zisifyatuke kwa kuanguka, ila kidole kinachodaka hewani hutua kwenye triga. Ikishatulia chini, iokote kwa utulivu.

Ikitokea shida

*Bastola inalia "klak" ndani ya holsta ninapotembea.* Skrubu ya mshiko imelegea, au holsta ni ya modeli nyingine. Kaza robo mzunguko, jaribu tena hatua ya 6, kisha weka tone la gundi ya skrubu isiyo kali. Ikiendelea kulia, si ya bastola yako.

*Ngozi mpya imebana mno.* Bastola ikiwa tupu, ifunge kwa plastiki nyembamba, iingize kwenye holsta, iache usiku kucha ikiwa imefungiwa kabatini. Usipake mafuta ya kula wala ya nazi. Mafuta hulainisha ngozi, na ngozi iliyolainika ni ile ya mbuzi niliyoisimulia.

*Imelowa mvua au jasho.* Toa bastola, ifute na uipake mafuta yake. Holsta ikauke kivulini penye upepo. Jua la saa saba na jiko la mkaa huikausha ikapasuka.

*Kitako kinachomoza kwenye shati.* Kwanza kaza mkanda, kisha sogeza holsta kidogo mbele au nyuma, kisha badilisha shati. Usipunguze ngozi inayofunika triga ili iwe nyembamba. Nimeletewa mbili zilizokatwa hivyo kwa wembe, na zote nilikataa kumrudishia mwenyewe.

*Magazini imechomoka yenyewe.* Ukingo wa holsta au wa mkanda unabonyeza kitufe cha magazini. Fundi anaweza kupunguza ukingo pale kwenye kitufe tu, milimita chache, mbali na triga.

*Kitufe cha usalama nimekikuta kimeshuka.* Hiyo ni holsta inayokwaruza kitufe unapotembea. Isitumike tena na bastola hiyo.

*Vumbi limejaa ndani.* Kila Jumapili, au siku yoyote uliyozoea, igeuze, igonge, ipitishe brashi ya viatu isiyo na rangi. Angalia mshono, skrubu, klipu na ukingo wa mdomo. Kokoto ndogo iliyonasa karibu na triga inatosha kuleta maafa.

Holsta ya ngozi ikianza kujikunja mdomoni, au ya plastiki ikipata ufa, usimpe mdogo wako wala usiiuze kwa bei ya chini. Ikate vipande viwili kwa kisu, pale pale kwenye triga, ndipo uitupe.